Je, RAM ndogo huifupishia SSD maisha?

Mwalimu wa Maabara

Ndugu mafundi na wataalamu, habari za kazi.

Ninasimamia maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mashine zetu karibu zote ni za mezani, zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na zina kichakataji cha Core i3 cha kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 ya aina ya DDR3, na Windows 10. Mwaka juzi tuliondoa diski za zamani zinazozunguka tukaweka SSD (diski zinazohifadhi data kwenye chipu) za GB 240, na tofauti ilionekana siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine iliyokuwa ikila sehemu kubwa ya kipindi ikiwaka tu sasa inakuwa tayari kabla wanafunzi hawajamaliza kukaa.

Hivi karibuni fundi mmoja aliyekuja kutengeneza printa alituambia kwamba SSD hizo hazitamaliza miaka miwili, kwa maelezo kwamba RAM ya GB 4 haitoshi, na Windows huziba upungufu huo kwa kuandika kwenye diski mchana kutwa. Alishauri tulizime kabisa faili la pagefile.sys, ambalo ndilo Windows huliandikia kwenye diski RAM isipotosha. Bodi ya shule ina fedha kidogo ambayo inatosha ama kuongeza RAM katika baadhi ya mashine, ama kununua SSD chache za akiba, lakini si vyote viwili. Ninaomba mnisaidie kuelewa mambo mawili: ni kweli kwamba ukubwa wa RAM unagusa umri wa SSD, na kama ni kweli, unagusa kwa kiasi gani? Sitaki kupeleka mbele ya bodi maneno ambayo siwezi kuyatetea kwa hesabu.

Fundi Bodi

Mwalimu, salaam. Fundi huyo ana sehemu ya ukweli, ila hesabu yake haikufika mwisho, na ushauri wake wa kuzima pagefile.sys msiufuate. Nitaanza na kinachoichakaza SSD, kwa sababu mengine yote yanatokana na hapo.

Seli ya SSD huhifadhi data kwa kunasa elektroni katika tabaka lililozungukwa na kihami chembamba mno. Kila seli inapoandikwa na kufutwa, elektroni husukumwa kwa volti kubwa zikapenya kihami hicho, na kila zinapopenya huacha uharibifu kidogo, hadi siku moja seli hushindwa kushika chaji kwa uhakika, kama karatasi ya daftari iliyofutwa kwa raba mahali pamoja hadi ikatoboka. Kusoma hakukichakazi kihami kwa namna hiyo. Seli za SLC, zinazobeba biti moja, zilikuwa zikivumilia mizunguko ipatayo 100,000 ya kuandikwa na kufutwa. Za TLC, zinazobeba biti tatu na ndizo zilizojaa madukani, huvumilia kati ya 1,000 na 3,000 hivi. Na za QLC, zenye biti nne, huvumilia pungufu ya hapo. Kwa hiyo swali la msingi ni moja tu: RAM ndogo inaongeza uandishi kwa kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mfumo endeshi unapobanwa na RAM haumwagi kila kitu kwenye diski. Kurasa za kumbukumbu ziko za namna mbili. Zipo zile zilizosomwa kutoka kwenye mafaili, kwa mfano msimbo wa programu yenyewe. Hizi zikihitaji kupisha nafasi hutupwa tu, kwa kuwa nakala yake ipo kwenye diski tangu awali, na zikihitajika tena husomwa upya. Zipo pia zile ambazo programu ilizitengeneza yenyewe ikiwa kazini, kama vile barua ambayo mwanafunzi hajaihifadhi au picha iliyokwisha kufunguliwa ndani ya kivinjari. Hizi hazina nakala mahali popote, na ndizo zinazoandikwa katika pagefile.sys zinapoondolewa kwenye RAM. Ndiyo maana unaweza kuiona mashine ya GB 4 inasuasua, taa ya diski haizimi, na bado sehemu kubwa ya shughuli hiyo ikawa ni kusoma. Inachosha mtumiaji kuliko inavyochosha diski.

Isitoshe, tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kurasa za namna ya pili hubanwa kwanza humo humo ndani ya RAM kabla ya kufikiria diski. Apple ilifanya jambo hilo hilo katika OS X Mavericks mwaka 2013. Kubana huku kunapunguza uandishi kwa kiasi kikubwa, japo GB 4 zikijazwa na kivinjari chenye vichupo vingi hakuna kubana kutakakookoa.

Sasa hesabu. Kila SSD hutangazwa na kipimo kiitwacho TBW, yaani terabaiti ambazo kiwanda kinakubali ziandikwe ndani ya waranti. Kwa mfano, Kingston A400 ya GB 240 imepewa TB 80, na Samsung 860 EVO ya GB 250 imepewa TB 150. Chukua hiyo ndogo ya TB 80. Mashine ikiandika GB 20 kila siku, itafika huko baada ya siku 4,000, ambazo ni karibu miaka 11. Tuseme upungufu wa RAM unaongeza GB 10 nyingine kila siku, jumla ikawa 30: siku zinashuka hadi takriban 2,670, yaani miaka saba na miezi michache. Upungufu huo ni halisi na sitaki kuudharau. Lakini ili diski hiyo iishe katika miaka miwili, kama mlivyoambiwa, ingebidi kila mashine iandike karibu GB 110 kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo. Darasa linalojifunza kuchapa na kutumia jedwali la hesabu halifiki huko hata kidogo.

Tena TBW ni mpaka wa waranti, si tarehe ya kifo. Kati ya mwaka 2013 na 2015 tovuti ya The Tech Report iliziandikia SSD sita za ukubwa wa GB 240 hadi 256 mfululizo hadi zikafa, na zote zilivuka mamia ya terabaiti. Samsung 840 Pro ilivuka petabaiti mbili. Msichukue namba hizo mkazibandika kwenye diski za leo, maana nyingi kati ya hizo sita zilikuwa na seli za biti mbili ambazo zinavumilia zaidi, lakini zinaonyesha jinsi viwanda vinavyojiwekea akiba.

Mlinda Seva

Ninaunga mkono maelezo ya Fundi Bodi, na ninaongeza mambo mawili ambayo hakuyagusa.

Jambo la kwanza ni kwamba kiasi ambacho Windows inaandika na kiasi ambacho seli zinaandikwa si kitu kimoja. SSD huandika kwa kurasa za kilobaiti kadhaa, lakini hufuta kwa bloku nzima zenye megabaiti kadhaa, na haiwezi kuandika juu ya ukurasa uliotumika kabla bloku yake haijafutwa. Diski ikiwa na nafasi tele, kidhibiti chake hupata bloku safi bila shida. Ikikaribia kujaa, kidhibiti hulazimika kuokota kurasa zinazotumika kutoka bloku mbalimbali, kuziandika mahali pengine, ndipo kifute. Gigabaiti moja iliyoandikwa na Windows inaweza hivyo kuwa mbili, tatu au zaidi kwenye seli. Uandishi wa pagefile.sys ni wa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na huo ndio unaoumiza zaidi diski iliyojaa. Kwa hiyo mashine yenye RAM ndogo na diski iliyojaa filamu za wanafunzi inapata hasara mbili kwa pamoja. Acheni angalau sehemu moja ya tano ya diski ikiwa wazi, na mhakikishe amri ya TRIM, inayoiambia SSD data zipi zimefutwa, inafanya kazi. Katika Windows 10 huwa imewashwa yenyewe.

Jambo la pili linakwenda kinyume na matarajio ya wengi: kuna njia ambayo RAM kubwa huongeza uandishi. Kompyuta inapoingia katika hali ya haibaneti, yaliyomo kwenye RAM hubanwa na kuandikwa katika hiberfil.sys, na kwa kawaida Windows hutenga faili hilo kwa kadiri ya asilimia 40 ya RAM. Kompyuta mpakato ya GB 32 yenye programu nyingi wazi, inayofungwa kwa haibaneti kila mtumiaji anapoinuka, inaweza kuandika gigabaiti nyingi kwa siku kwa ajili ya kulala tu. Hata mashine zenu za mezani, ikiwa ile huduma ya kuwaka haraka haijazimwa, zinaandika sehemu ya kiini cha mfumo kila zinapozimwa. Kwa kuwa mnazo SSD tayari, huduma hiyo haiwapi faida kubwa. Fungueni dirisha la amri mkiwa wasimamizi, andikeni powercfg /h off, na faili lote litaondoka.

Kuhusu kuzima pagefile.sys, ninasema kwa mkazo: msifanye hivyo kwenye mashine ya GB 4. Windows huwaahidi wenye programu kumbukumbu kulingana na jumla ya RAM na pagefile.sys. Mkiliondoa faili, ahadi zote zinabaki ndani ya GB 4, hata zile ambazo programu inaziomba na kamwe haizitumii. Matokeo yake ni kwamba kivinjari au programu ya kuandikia hufungwa ghafla na kazi ya mwanafunzi inapotea, ilhali kurasa za data ambazo hazijaguswa tangu asubuhi zinaendelea kukalia RAM kwa kuwa hazina pa kwenda, na msimbo wa programu unatupwa na kusomwa upya kila dakika. Mtakuwa mmeokoa gigabaiti chache za diski kwa kuwapotezea watoto kazi zao.

Mtumiaji wa Linux

Mwalimu, shikamoo. Nadhani kabla ya kupeleka neno lolote kwenye bodi ni vyema upime, kwa sababu vipimo unavyovihitaji vimo tayari ndani ya hizo diski.

Kwenye Windows pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ukiifungua utaona upande wa juu jumla ya gigabaiti zilizoandikwa tangu diski iwashwe mara ya kwanza, saa ilizokaa ikiwa imewashwa, na asilimia ya afya. Andika namba hizo kwa kila mashine. Uwe mwangalifu na jedwali la chini lenye namba ghafi za SMART (takwimu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake), kwa kuwa katika diski za SATA, yaani zinazounganishwa kwa njia ya kawaida ya diski za zamani, kila kiwanda kinahesabu kwa kipimo chake, na mtu asiyejua anaweza kuzidisha au kupunguza mara elfu. Diski za NVMe, ambazo ni za aina mpya na ya kasi zaidi, zina utaratibu mmoja: kila kipande kinachohesabiwa ni baiti 512,000, hivyo ukikuta vipande 12,000,000 vimeandikwa, hiyo ni TB 6.1 hivi.

Hiyo ni jumla ya uandishi wote. Ili ujue ni kiasi gani kinatokana na uhaba wa RAM, fungua Performance Monitor ya Windows na uongeze kihesabio cha Pages Output/sec kilicho chini ya Memory. Hicho ndicho kinachohesabu kurasa zinazoandikwa kwenda diski ili kupisha nafasi. Usikichanganye na Page Faults/sec, ambacho huwa kikubwa hata kwenye mashine yenye afya na kimewatisha watu wengi bila sababu. Kiache kirekodi kipindi kizima cha darasa. Kila ukurasa ni kilobaiti 4. Zidisha, utapata jibu lako.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, kazi ni nyepesi zaidi. Amri ya vmstat 1 inaonyesha safu ya so, yaani kinachotoka kwenda kwenye swapu (eneo linalofanya kazi kama ya pagefile.sys) kila sekunde, na ndani ya /proc/vmstat kuna mstari wa pswpout unaotaja jumla ya kurasa tangu mashine iwashwe. Ukikuta 5,000,000, basi GB 20 na ushee zimeandikwa.

Nimeitaja Linux kwa sababu nyingine pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na vichakataji vya kizazi cha nne havimo katika vile vinavyokubaliwa na Windows 11, hivyo mtalazimika kufikiria mfumo mwingine hata kama SSD zote ni nzima. Linux ina kitu kiitwacho zram, ambacho hutenga sehemu ya RAM na kuigeuza swapu iliyobanwa, kiasi kwamba kurasa zinazoondolewa haziigusi SSD kabisa. Mara nyingi hubanwa zikabaki nusu au theluthi ya ukubwa wake. Fedora iliifanya kuwa mpangilio wa kawaida tangu toleo la 33 la mwaka 2020, na ChromeOS inaitumia pia, jambo lisilonishangaza kwa kuwa Chromebook nyingi zina RAM ndogo na hifadhi ya eMMC (aina ya hifadhi ya bei nafuu) iliyounganishwa kwenye bodi mama. Kwa mashine ya GB 4 yenye SSD ndogo sijaona kinga ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mwalimu wa Maabara

Marahaba, na ninawashukuru nyote kwa kunielimisha. Nimepitia mashine zote kwa CrystalDiskInfo kama nilivyoelekezwa. Mashine za wanafunzi zinafanana sana: zimeandika kidogo kuliko nilivyoogopa, na kwa mwendo huo kiwango cha TB 80 kiko mbali mno. Iliyojitenga ni mashine ya ofisi ya mhasibu. Ni ya aina ile ile, RAM ile ile, diski ile ile, iliwekwa wiki moja na nyingine, lakini imeandika karibu mara tatu ya zile za maabara. Nilipokaa nayo mchana mmoja nikifuatilia Pages Output/sec, kihesabio kilikuwa kimya alipokuwa akifanya kazi katika jedwali moja, na kilipanda kila alipohama kutoka kwenye jedwali kubwa la ada kwenda kwenye kivinjari chenye mfumo wa malipo, kisha akarudi. Diski yake pia imejaa kwa zaidi ya asilimia 90.

Sasa ninaona picha inajengeka, lakini nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, mashine hiyo ikiongezwa RAM, GB 8 zinatosha au nikimbilie 16? Pili, mkuu wa shule anataka kununua kompyuta mpakato mpya, na muuzaji amempa chaguo la GB 8 au GB 16, huku akisema RAM hiyo haiwezi kuongezwa baadaye.

Dada wa Takwimu

Mwalimu, nitajibu hilo la pili, kwa sababu kompyuta ninayofanyia kazi ni ya namna hiyo.

Mashine ambayo RAM na SSD vyote vimeunganishwa kwenye bodi mama inabadilisha kabisa uzito wa swali hili. Kwenye mashine zenu za mezani SSD ikichoka mnaitoa kwa bisibisi, mnaweka nyingine, na maisha yanaendelea. Kwenye kompyuta mpakato za namna hiyo, hifadhi ikichoka inabidi kubadilisha bodi mama nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2021 watumiaji wa kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 walianza kuonyesha takwimu za SMART zilizo juu isivyo kawaida, baadhi wakiwa na RAM ya GB 8 na mashine zenye umri wa miezi tu, na mjadala ukawa mkubwa kwa sababu hiyo hiyo: hakuna kitu pale ambacho mtumiaji angeweza kukibadilisha. Sisemi kwamba mashine hizo zilikufa kwa wingi. Wengi wanazitumia hadi leo. Ninachosema ni kwamba pale ambapo RAM haiongezwi na SSD haibadilishwi, uamuzi wa siku ya kununua ni wa mwisho, na ningechukua GB 16 hata kama ingenilazimu kupunguza kitu kingine.

Mkuu wa shule aulize pia kama hifadhi ni SSD ya NVMe au ni eMMC. Kompyuta mpakato za bei ya chini kabisa zenye GB 64 za eMMC na GB 4 za RAM zina matatizo yote kwa wakati mmoja: hifadhi ndogo inayojaa upesi, seli chache za kugawana mzigo, na RAM inayofurika kila saa. Ukubwa wa hifadhi ni sehemu ya jibu, kwa kuwa uandishi ule ule ukigawanywa kwenye seli nyingi zaidi kila seli inapata sehemu ndogo. Ndiyo maana A400 hiyo iliyotajwa juu ina TB 40 kwa GB 120, TB 80 kwa GB 240 na TB 160 kwa GB 480.

Akiambiwa kwamba SSD haina DRAM (kumbukumbu ya muda) yake yenyewe, asishtuke. Diski nyingi za NVMe za bei ya kati huazima megabaiti chache, mara nyingi makumi kadhaa, kutoka kwenye RAM ya kompyuta ili zihifadhi humo ramani ya data zao. Hata kwenye mashine ya GB 8 kiasi hicho hakionekani.

Fundi Bodi

Mwalimu, vipimo vyako vimefanya kazi ambayo maneno yetu yasingeweza kuifanya. Mashine mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa mzigo wa kazi, na moja inaandika mara tatu ya nyingine. Hilo likipelekwa kwenye bodi linajieleza.

Kwa mhasibu, GB 8 zitatosha. Ulichokiona kwenye kihesabio, yaani kimya ndani ya programu moja na kupanda anapohama, ni dalili ya mashine iliyopungukiwa kidogo: programu mbili anazozihitaji haziingii pamoja, ila kila moja peke yake inaingia. Ukiongeza GB 4 zitaingia zote na kihesabio kitakaribia sifuri, na kutoka hapo kwenda 16 hakuna uandishi uliobaki wa kuokoa. RAM inayozidi mahitaji haikai bure, kwa kuwa Windows huitumia kushika mafaili yaliyosomwa, lakini hilo linapunguza kusoma, na kusoma hatukukuhesabu kuwa uchakavu.

Kabla hujanunua, hakikisha mambo matatu kwenye mashine yenyewe. Angalia kwanza kama Windows iliyowekwa ni ya biti 64, maana mashine za mtumba mara nyingine huja na ya biti 32, na hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Utakuwa umenunua kitu ambacho hakionekani. Fungua kasha uone kuna nafasi ngapi za RAM na ngapi ziko wazi. Mwisho, nunua DDR3 ya mashine ya mezani, si ile fupi ya kompyuta mpakato, na ikiwezekana yenye mwendo sawa na iliyomo, kwa kawaida 1600. DDR4 haiingii kabisa. Mkato wake uko mahali tofauti.

Kabla hata ya RAM, msaidie mhasibu kuhamisha mafaili ya miaka iliyopita kwenda kwenye diski ya nje. Asilimia 90 alizojaza zinaweza kuwa zinamgharimu zaidi ya upungufu wa RAM, na kuhamisha hakuhitaji kibali cha bodi.

Kuhusu SSD za akiba, mimi nisingezinunua kwa sasa. Waranti huanza kuhesabiwa siku ya kununua, bei huwa inashuka, na vipimo vyako havionyeshi diski inayokaribia mwisho. Kinachoua SSD katika maabara zetu, kwa ninavyoona mezani kwangu, ni umeme kukatika ghafla mara kwa mara kuliko kuandikwa kupita kiasi, kwa kuwa diski za kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia uandishi ulio njiani, na ramani ya data ikiharibika wakati huo diski inaweza kutotambulika kabisa hata kama seli zake bado ni changa. Fedha ikibaki baada ya RAM ya mhasibu, nunueni UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) kwa ajili ya mashine yake, ndiyo iliyobeba kumbukumbu za ada.

Mwalimu wa Maabara

Nimeelewa vizuri, na nitaandika ombi kwa bodi kwa utaratibu huo: kupunguza mafaili kwanza, kisha GB 4 za nyongeza kwa mhasibu, kisha UPS. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho. Wakati wa likizo ndefu maabara hufungwa na umeme huzimwa wote. Je, SSD ikikaa bila umeme inapoteza data?

Mlinda Seva

Kwa diski zenye uchakavu mdogo kama zenu, likizo ya shule si tatizo. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu za kumbukumbu, kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imekwisha kutumia uhai wake wote uliotangazwa, iweze kushika data kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30 za Selsiasi. Diski ambayo haijachakaa hushika kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Joto ndilo la kuangaliwa, kwa kuwa chaji huvuja upesi zaidi diski inapohifadhiwa mahali pa moto. Chumba kikiwa chini ya bati na madirisha yamefungwa mwezi mzima, fungueni madirisha ya juu yapitishe hewa. Ile ya mhasibu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa zaidi na ndiyo yenye data isiyo na mbadala, nakili mafaili yake kwenye diski ya nje kabla ya kufunga shule.

Ukishaweka RAM hiyo, tafadhali rudi utuwekee kipimo kipya cha Pages Output/sec kutoka mashine ile ile na kazi ile ile. Wapo wengi wenye maabara kama yako ambao watanufaika na namba hizo kuliko na maelezo yetu.